Barabara inafumuliwa mbele ya biashara yako: udai fidia, udai kivuko, upunguziwe kodi au ukope?

Barabara ikianza kufumuliwa, neno la kwanza kusikika kwenye fremu za pembeni ni fidia. Ndiyo njia inayosemwa sana, na kwa wafanyabiashara wengi wadogo wa Arusha na Moshi ndiyo isiyowafikia. Sheria inamlipa ambaye ardhi yake, jengo lake au mahali pake pa kazi panatwaliwa. Ambaye duka limebaki palepale, ila mtaro umekata njia ya wateja, kituo cha vifodi kimehamishwa na vumbi limetua juu ya bidhaa, hana fungu la serikali lililotengwa kwa ajili yake.

Msaada upo, lakini umetawanyika. Kuna fidia ya utwaaji, kuna masharti ya wafadhili kwa miradi ya mkopo wa nje, kuna wajibu wa mkandarasi ulioandikwa kwenye mkataba wake, kuna kodi inayoweza kukadiriwa upya, kuna mkopo wa halmashauri usio na riba, na mwisho kabisa kuna mahakama. Kila njia ina ofisi yake na muda wake. Inauma kuona mtu ameshinda miezi minne kwenye foleni ya fidia isiyo yake, huku awamu mbili za kodi zimepita akilipa kana kwamba duka bado linauza kama zamani.

Anza na ubao wa mradi

Kabla ya kuchagua njia, nenda mwanzo wa kazi usome ubao. Pale pameandikwa mwenye mradi, anayegharamia, mhandisi mshauri, mkandarasi, na tarehe za kuanza na kumaliza. Mambo mawili yanabadilisha kila kitu. La kwanza ni mwenye barabara: barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, za mijini na za wilaya ni za TARURA, ambayo ilianza kazi mwaka 2017. Barua ikienda ofisi isiyo yake inazunguka tu. La pili ni fedha. Barabara inayojengwa kwa fedha za ndani inafuata sheria za nchi peke yake. Inayojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika ina masharti ya ziada, na masharti hayo yanawatambua watu ambao sheria ya nchi inawaruka.

Kisha jiulize: kwangu kimeguswa nini? Ukuta, kibaraza, kibanda na kiwanja ni jambo moja. Njia ya kufika dukani ni jambo lingine.

| Njia | Inamfaa nani | Anachopata | Kasi yake | Kinachokwamisha |
|---|---|---|---|---|
| Fidia ya utwaaji | Ambaye eneo lake linachukuliwa | Fedha: mali, usumbufu, usafiri, hasara ya faida | Polepole | Hakuna kumbukumbu za biashara, jina la mpangaji halipo kwenye fomu |
| Masharti ya mfadhili | Aliye ndani ya eneo la mradi, hata asiye na hati | Thamani ya banda, gharama ya kuhama, kipato cha kipindi cha mpito | Ya kati | Kutoandikishwa kabla ya tarehe ya ukomo |
| Kudai njia kwa mkandarasi | Kila mwenye biashara pembeni mwa kazi | Kivuko, maji ya vumbi, alama, ratiba | Haraka kuliko zote | Malalamiko ya mdomo, mmoja mmoja |
| Makadirio mapya ya kodi | Mwenye TIN ambaye mauzo yameshuka | Kodi ndogo kwa awamu zilizobaki | Ya kati | Kuandika baada ya kulipa |
| Mkopo wa asilimia 10 | Wanawake, vijana, watu wenye ulemavu | Mtaji bila riba | Kwa msimu wa halmashauri | Kukopa ili kulipia mahali palipokufa |
| Kesi | Mwenye madhara makubwa na ushahidi | Hukumu | Polepole sana | Gharama, na notisi ya siku 90 |

Fidia: kubwa kuliko zote, na ngumu kuliko zote

Fidia inasimama juu ya Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya 1967, Sheria ya Ardhi ya 1999 na kanuni zake za 2001, pamoja na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016. Mafungu yake ni thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na hasara ya faida.

Mfanyabiashara aishike hasara ya faida kwa mikono miwili. Kanuni za 2001 zinachukua faida halisi ya mwezi mmoja na kuizidisha kwa miezi 36. Duka lenye faida halisi ya shilingi 400,000 kwa mwezi hesabu yake inafika 14,400,000. Fedha hiyo inaweza kuzidi thamani ya banda lenyewe mara kadhaa. Kanuni inataka faida ithibitishwe kwa hesabu zilizokaguliwa pale inapolazimu na inapohusika. Maneno hayo ya mwisho ni mlango kwa mdogo asiye na mkaguzi: daftari la kila siku, ripoti za Z za mashine ya EFD (jumla ya mauzo ya siku), taarifa ya lipa namba na risiti za jumla ni vielelezo vya kuweka mezani mbele ya mthamini.

Tatizo linatokea hapa. Mtu aliyeiambia TRA kwamba anauza shilingi milioni 6 kwa mwaka amesema anauza 500,000 kwa mwezi. Hawezi kumwambia mthamini kuwa faida yake ni 400,000 kwa mwezi, kwa sababu hakuna duka la rejareja linalobakiza shilingi themanini katika kila mia. Kwa mauzo hayo, faida ya asilimia 20 ni 100,000 kwa mwezi, na mara 36 ni 3,600,000. Tofauti ya karibu milioni 11 imezikwa na makadirio ya chini aliyoyafurahia miaka mitatu mfululizo. Mthamini hana hila yoyote hapo. Anasoma karatasi ambayo mfanyabiashara mwenyewe aliitia saini.

Posho ya usafiri ina kipimo chake: gharama ya kubeba tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Haipandi kwa sababu una mafriji matatu au mashine ya kuchomelea, kwa hiyo gharama ya kufunga upya umeme wa njia tatu itafutiwe mahali pengine. Ardhi isiyotumiwa hailipwi posho ya usafiri, posho ya makazi wala hasara ya faida. Anayefunga duka mapema kwa hofu, kabla ya siku ya ukaguzi, anajipunguzia mwenyewe. Endelea kuuza hadi uhesabiwe.

Siku ya ukaguzi ndiyo siku kubwa kuliko ya malipo. Mthamini anapita na fomu ya ukaguzi, anapima, anapiga picha, anampa mhusika namba na kumtaka asaini. Saini hiyo inathibitisha orodha ya vitu vilivyokutwa. Kwa hiyo soma mstari kwa mstari: kibaraza cha zege kipo? Bomba la maji la AUWSA au MUWSA lipo? Choo cha nyuma je? Kilichosahaulika pale hakina bei baadaye.

Kwa mpangaji wa fremu hapa ndipo pa kuwa macho. Mthamini anamkuta mwenye nyumba, anaandika jina lake kwa jengo zima, na biashara nne zilizomo humo hazionekani popote. Jengo ni la mwenye nyumba, ndiyo, lakini faida inayopotea ni ya anayefanya biashara. Uwepo siku hiyo na mkataba wa pango, leseni ya biashara, TIN na daftari, na uombe mstari wako kwa jina linalofanana herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki. Jina la "Mama Ester Shop" halina akaunti.

Baada ya hapo jedwali la fidia linapanda kuidhinishwa: mtaa, kata, wilaya, mkoa, hadi Mthamini Mkuu wa Serikali. Malipo yanatakiwa yafanyike ndani ya miezi sita, na yakichelewa riba inaanza kuhesabiwa. Uthamini una uhai wa miaka miwili. Ukipita huo bila malipo, unatakiwa kufanywa upya. Weka nakala ya tarehe ya kuidhinishwa, maana bila tarehe hiyo huwezi kudai riba wala uthamini mpya.

Kuhusu alama ya X inayochorwa kwenye majengo yaliyo ndani ya hifadhi ya barabara: kwa barabara kuu na za mikoa, Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni za 2009 zimeipeleka hifadhi hiyo hadi mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati, wakati zamani ilikuwa mita 45, yaani 22.5 kila upande. Aliye ndani ya zile 22.5 hupata X nyekundu na kwa kawaida halipwi. Aliyeangukia ukanda ulioongezwa hupata X ya kijani na ana stahili ya fidia eneo likihitajika. Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya barabara ya zamani kabla ya kubishana na mtu yeyote. Mita moja inaweza kubadilisha rangi.

Mradi wa mkopo wa nje: asiye na hati naye yumo

Barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, na ile ya mchepuo ya kilomita 42.4 zilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kazi za TACTIC, mradi wa kuboresha miji, katika Jiji la Arusha zinatokana na mkopo wa Benki ya Dunia na ziko chini ya TARURA. Katika miradi ya aina hii kuna mpango wa uhamishaji wa watu, na kiwango cha Benki ya Dunia kuhusu uhamishaji kinasema wazi kwamba asiye na haki ya ardhi halipwi ardhi, ila analipwa alichojenga na anasaidiwa kurudisha kipato. Biashara inayohamishwa inahesabiwa gharama ya kutafuta mahali pengine, kipato kinachopotea wakati wa mpito, na gharama ya kung'oa na kufunga upya mashine. Hata mfanyakazi anayekosa mshahara ametajwa.

Kwa mwenye kibanda cha chipsi au genge kwenye hifadhi ya barabara, tofauti hii ni ya usiku na mchana. Chini ya sheria ya nchi peke yake anapewa notisi ya kuondoka. Chini ya mpango wa mfadhili anaandikishwa.

Sharti lake kali ni tarehe ya ukomo. Ikitangazwa, anayehamia au kujenga baada ya hapo hahesabiwi. Tangazo hubandikwa ofisi ya mtaa na kusomwa kwenye mkutano, na ambaye haendi mikutano ya mtaa kwa sababu "ni ya wenye nyumba" ndiye anayebaki nje. Muulize mtendaji wa mtaa maswali mawili: daftari la waathirika liko wapi, na nani yuko kwenye kamati ya malalamiko. Kamati hiyo inapokea malalamiko kwa maandishi, inayasajili kwa namba, na mfadhili anaweza kuyakagua. Dai namba.

Mipaka yake nayo ijulikane. Kiwango cha uhamishaji kinahusu eneo linalotwaliwa au kuzuiwa kutumika. Vumbi na kushuka kwa mauzo kwa duka lililo nje ya eneo hilo vinashughulikiwa kama athari za ujenzi, na tiba yake inapatikana kwenye njia inayofuata.

Kivuko, maji na ratiba: msaada unaofika wiki hii

Kwa duka ambalo halijaguswa, hii ndiyo njia ya kuanza nayo, na inasikitisha kuwa ndiyo inayodharauliwa. Mikataba ya ujenzi wa barabara kwa kawaida inamtaka mkandarasi asizuie bila sababu njia ya kuingia kwenye nyumba na biashara, apunguze vumbi, na aweke alama na njia za muda. Kazi hizo zimo ndani ya bei ya mkataba. Ukidai kivuko huombi hisani. Unadai kitu ambacho bei yake ilishapangwa.

Barua iwe ukurasa mmoja, isainiwe na wenye biashara wote wa upande huo, na itaje mahali kwa namba za wahandisi. Kwenye vigingi vya pembeni kumeandikwa namba kama 3+450, yaani kilomita 3 na mita 450 kutoka mwanzo wa kazi. Andika "kuanzia 3+420 hadi 3+480, upande wa kushoto". Mhandisi anaelewa papo hapo, wakati "pale kwa Mangi karibu na mwembe" inamlazimu atume mtu kutafuta.

Kisha omba kitu kinachopimika. Kwa waenda kwa miguu, njia ya mbao za inchi mbili, upana wa mita 1.2, yenye vishikio pande zote mbili. Mama mwenye mtoto mgongoni na kapu la soko hapiti juu ya ubao mmoja unaocheza. Kwa mkokoteni, mita 2. Kwa gereji au duka la saruji na nondo, bamba la chuma litakalobeba gari lenye mzigo. Mkandarasi atasema anasubiri kivuko cha zege, na kivuko hicho kweli kitajengwa, lakini zege hupimwa nguvu zake za usanifu kwa siku 28, na siku ya saba huwa karibu theluthi mbili tu. Ukiongeza siku za kufunga nondo na mbao za fomu, duka lisilo na njia ya muda limekatika zaidi ya mwezi kwa kazi ya mtaro wa mita tatu.

Vumbi lina hesabu yake pia. Udongo wa volkeno wa Arusha ni mwepesi na hukauka upesi, hivyo boza likipita mara moja asubuhi, saa tano tayari nguo za mitumba na nyama ya bucha zimevaa vumbi. Omba maji kidogo mara tatu kwa siku, mara ya kwanza kabla ya saa moja asubuhi. Maji mengi kwa mkupuo mmoja yanageuka matope na mteja anakimbia vilevile.

Jambo la tatu ni urefu wa mtaro ulioachwa wazi. Kuchimba ni rahisi kuliko kujenga, kwa hiyo mtambo wa kijiko hufungua mita mia tatu kwa siku chache na mafundi wa mawe wanabaki nyuma wiki nyingi. Dai uchimbaji wa vipande kulingana na kasi ya kujenga. Na mvua za masika zikikaribia, ulizia mtaro unatolea maji wapi: kazi sahihi huanza chini kwenye tundu la kutolea na kupanda juu. Ukianza juu, Aprili yote yale maji yanaingia kwenye fremu.

Barua impelekee meneja wa TANROADS wa mkoa au wa TARURA wa wilaya, nakala kwa mhandisi mshauri, mtendaji wa kata na diwani. Nakala ya mhandisi mshauri isikosekane, kwa sababu ndiye anayehakiki kazi kabla ya hati ya malipo ya mkandarasi kutoka. Pitia siku ya tano ukiwa na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Piga picha za kuta kabla shindilia la mtetemo halijapita. Nyufa, bomba lililokatwa na bango lililogongwa ni madhara ya mkandarasi, ambaye kwa kawaida anatakiwa na mkataba wake kuwa na bima kwa mali za watu wengine. Picha ya kabla na ya baada, yenye tarehe, inamaliza ubishi.

Kodi: usilipe kwa mauzo ambayo hayapo

Mfanyabiashara binafsi anayelipa kwa makadirio hukadiriwa mwanzoni mwa mwaka na kulipa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ujenzi ukianza Februari, makadirio yamefanywa kwa mauzo ya mwaka uliopita.

Viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019 vinaonyesha ukubwa wa jambo. Mwenye mauzo ya milioni 10 kwa mwaka asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, jumla 180,000. Mauzo yakishuka hadi milioni 5, asiye na kumbukumbu anaangukia 100,000, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 30,000. Yakishuka chini ya milioni 4, hakuna kodi hiyo.

Angalia sasa muda. Wa 250,000 analipa 62,500 kila awamu. Akishalipa Machi na Juni ametoa 125,000, wakati kodi yake halisi ya mwaka inaweza kuwa 100,000. Kurudishiwa 25,000 ni safari ndefu kuliko kupunguziwa kabla hujalipa. Barua iende TRA mara mauzo yanapoanguka, ikiwa na nakala ya ubao wa mradi, picha ya mbele ya duka, na mauzo ya mwezi kwa mwezi. Makadirio yakishatolewa na huyakubali, pingamizi ni ndani ya siku 30, na utatakiwa kulipa kwanza kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa, isipokuwa Kamishna akusamehe sharti hilo kwa sababu za msingi. Ukifunga kabisa kwa muda, toa taarifa kwa maandishi. Duka lililofungwa kimyakimya linaendelea kukadiriwa.

Kulinganisha miezi kunataka uangalifu, hasa Moshi. Desemba Wachagga wanarudi nyumbani na mji unajaa, kwa hiyo Desemba yenye ujenzi inaweza kuonekana nzuri kuliko Oktoba isiyo na ujenzi. Linganisha Desemba na Desemba ya mwaka uliopita. Arusha, biashara inayoishi kwa wageni wa utalii ilinganishe Julai na Julai.

Hapohapo zungumza na mwenye fremu. Pango la miezi sita alishalipokea na kulitumia, hivyo kumwomba arudishe fedha ni kugonga mwamba. Mwombe aongeze miezi mwishoni mwa mkataba, kwa maandishi. Anayepanga kizimba cha halmashauri aandike kwa Mkurugenzi, maana punguzo la mapato ya halmashauri lina vikao vyake na haliamuliwi na msimamizi wa soko.

Mkopo: wa kuhamia, usiwe wa kungojea

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Utaratibu ulisimamishwa 2023 na kurejea 2024. Kwa Kilimanjaro, Siha iliwekwa kati ya halmashauri kumi za majaribio ya kupitia benki. Kwingine njia ni afisa maendeleo ya jamii wa kata: kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki, andiko la biashara. Wafanyabiashara wadogo wenye kitambulisho cha kidijitali wana pia mkopo wa serikali unaopitia benki ya NMB.

Bila riba haina maana bila mzigo. Milioni moja kwa miezi 12 ni zaidi ya 83,000 kila mwezi, na mwenzako wa kikundi akikwama mnabeba wote. Ukiichukua ili ulipie pango la mahali ambapo mteja hafiki, miezi minne baadaye una deni na fremu ileile. Ukiichukua kulipia banda jipya mahali penye watu, ina kazi. Mikopo ya kausha damu usiiguse wakati huu hata kidogo: hata ukomo wa Benki Kuu wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wenye leseni lakini wasiopokea amana, ni 35,000 za riba kwa kila milioni, na hao wa mtaani wanauvuka.

Mwenye deni tayari aende benki kabla ya kukosa rejesho la kwanza na aombe ratiba mpya. Baada ya kukosa matatu jina limeshaingia kwenye taarifa za wakopaji.

Mahakama

Kudai hasara kwa serikali au halmashauri kunataka notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu kuunganishwa, na Mahakama Kuu. Kwa jengo lililobomolewa kimakosa, inafaa. Kwa mauzo yaliyoshuka ya genge, wakili atakula zaidi ya unachodai. Dai la ukuta uliopasuka dhidi ya kampuni binafsi ya ujenzi ni jepesi zaidi na halihitaji notisi hiyo.

Nani achukue ipi

Mama ntilie mwenye kibanda kwenye hifadhi ya barabara ya jiji inayojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia: aandikishwe kabla ya tarehe ya ukomo, aendelee kupika hadi ahesabiwe, na wakati huohuo aingie kikundi cha wanawake ili mkopo umkute tayari na eneo jipya.

Mwenye jengo lenye X ya kijani kwenye barabara kuu ya Arusha–Moshi: nguvu zote ziende kwenye fidia. Mwaka huu akadirie kodi kwa ukweli na aweke kumbukumbu, hata kama atalipa elfu hamsini zaidi, kwa sababu kila shilingi ya faida ya mwezi inayothibitika inarudi mara 36.

Mpangaji wa fremu ambayo haijaguswa, iwe ni barabara, soko au ujenzi wa stendi kama ile ya Ngangamfumuni, Moshi: fidia aiweke kando. Barua ya kivuko wiki hii, barua ya TRA kabla ya awamu inayofuata, mazungumzo ya pango mwezi huu. Kisha aangalie ratiba ya mkandarasi kwa mhandisi mshauri. Kipande chake kikibakiza miezi miwili, avumilie kwa kupunguza bidhaa zinazoharibika na kupeleka oda kwa bodaboda. Kikibakiza miezi kumi, ahame, na kabla ya kubeba rafu la kwanza abadilishe mahali pa biashara kwenye leseni na TRA. Leseni inataja mahali, na wakala wa fedha wa simu naye aijulishe kampuni yake, la sivyo ataanza upya kwa faini.